Piana-Mwanga: Safari Iliyotufundisha Kuuliza Habari za Breki

Juma lililopita ukurasa wetu wa safari haukutoka, na wengi wenu mmetuuliza njiani na sokoni: "Mlikwama wapi?" Leo tunajibu. Tulikwama Piana-Mwanga siku tatu kwa sababu ya gurudumu moja, lile la mbele upande wa kuume. Tunawaandikia habari hii si kwa kulalamika, maana sote tumerudi wazima. Tunaiandika kwa sababu kosa kubwa la safari ile halikuwa la chuma peke yake. Lilikuwa letu pia: tuliona dalili tukanyamaza.

Tulikuwa wanne kutoka chama, yaani walimu wawili na mama wawili wa kamati, pamoja na papa shofere mwenye gari. Mitihani ilikuwa imekwisha, shule zimefungwa, na kiangazi cha Julai kilikuwa kimekausha barabara. Tulikuwa tumeahidi tangu masika kwamba tutawatembelea dada zetu wa Piana-Mwanga wanaojifunza kusoma na kuandika. Tulibeba madaftari, kalamu, chaki, nyuzi, vitambaa vya kushonea na mfuko mmoja wa chumvi. Nauli ilitoka katika likelemba yetu, franka kwa franka, kama mnavyojua ninyi mliochanga.

Kwa watoto watakaosomewa ukurasa huu, tuseme kwanza Piana-Mwanga ni wapi. Ni katika jimbo letu la Tanganyika, kwenye mto Luvua. Luvua ndio mto unaotoka katika ziwa Mweru, pale Pweto, ukateremka kuelekea kaskazini-magharibi mpaka unapoingia katika Lualaba karibu na Ankoro. Kwa hiyo maji yanayopita Piana-Mwanga ni maji ya mto Kongo kabla hayajapewa jina hilo, na mwisho wake ni bahari. Mahali pale mto una nguvu. Ndiyo maana, katika miaka ya 1930, kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Géomines ilijenga mitambo ya umeme wa maji huko, ili kuendesha migodi yake ya bati ya Manono. Jina lenyewe lina neno "mwanga" ndani yake, na sisi tunaosema Kiswahili hatuwezi kulitaja bila kufikiria taa.

Tuliondoka Manono alfajiri. Gari letu lilikuwa jipu la zamani, si baya kwa macho. Lilikuwa limeoshwa, na viti vyake vimefunikwa vitambaa safi. Papa shofere ni mtu mpole, hanywi pombe akiwa na safari, naye alisali pamoja nasi kabla ya kuwasha injini. Tunasema haya ili msidhani tulisafiri na mhuni. Hata mtu mwema anaweza kuendesha gari lenye ubovu.

Dalili ya kwanza ilikuja mapema. Kila mara papa shofere alipokanyaga breki, ambayo yeye na wenzake wanaita freni, gari lilivutwa kuelekea upande mmoja, nasi tuliokaa nyuma tukaegemeana begani. Tukacheka tukasema barabara ni mbaya. Dalili ya pili ilikuwa harufu. Si harufu ya petroli wala ya moshi wa injini, bali harufu kali inayokwaruza puani, kama mpini wa sufuria ulioachwa karibu na makaa. Mmoja wetu alisema, "Labda wanachoma shamba." Tukatazama kulia na kushoto, hatukuona shamba linalowaka.

Dalili ya tatu tuliiona tuliposimama katika kijiji kimoja ili tule. Tulikuwa na bukari baridi na ndagala wa kukaanga. Mtoto wa pale, labda mwenye miaka minane, alikuja kunawa mikono karibu na gari, na matone ya maji yakarukia chuma cha gurudumu la mbele. Maji yakalia "chii!" kama kwenye kikaango. Mtoto akasema kwa sauti kubwa, "Mama, gurudumu linapika!" Watu wote wakacheka. Papa shofere naye akacheka, akasema, "Ni jua tu." Sisi watu wazima wanne, wawili wetu tukiwa walimu wanaowafundisha watoto habari za joto na msuguano, hatukuuliza kwa nini jua limepika gurudumu moja na kuyaacha yale matatu.

Kwa nini tulinyamaza? Tumejiuliza sana swali hili. Mmoja wetu alisema aliogopa kuonekana mjuaji. Mwingine alisema usukani ni wa mwanaume, na mwanamke anayemfundisha shofere kazi yake anatafuta ugomvi. Wa tatu alifikiri kwamba tukisimama tutafika usiku. Wa nne alikuwa amelala. Hizo ndizo sababu zetu, na hakuna hata moja inayotosha kumweleza mtoto wa mtu kwa nini mama yake hakurudi.

Karibu na mwisho wa safari kulikuwa na mteremko mrefu wenye kona chini yake. Katikati ya mteremko tulimwona papa shofere akikanyaga breki mara moja, mara mbili, mara tatu, na mguu wake ukienda mpaka chini kama mtu anayekanyaga matope. Hakusema neno. Alirudisha gia ya chini, injini ikapiga kelele, akavuta breki ya mkono, kisha akalielekeza gari kwenye tuta la mchanga kando ya barabara. Gari likapanda tuta na kusimama limeinama. Mama mmoja aligonga mdomo akatoka damu kidogo. Mfuko wa chumvi ulipasuka. Ni hayo tu, na tunamshukuru Mungu. Tulimaliza kipande kilichobaki kwa miguu, mizigo kichwani, na gari likafuata baadaye polepole likisukumwa na vijana.

Dada zetu wa Piana-Mwanga walitupokea kwa vigelegele, hawakujua tulikotoka. Walikuwa wamepika sombe kwa mafuta ya mawese, na tulipokwisha kula ndipo tukasimulia. Wakasema, "Kesho asubuhi mtamwona nkambo." Nkambo huyo ni mzee mwenye mvi, fundi wa baiskeli, wa pikipiki na wa chochote chenye chuma. Hatutataja jina lake kwa sababu hapendi, lakini maneno yake tutawapa yote.

Asubuhi nkambo aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akainua gari kwa jeki, kisha akaweka gogo nene chini ya gari. "Jeki ni ya kuinulia," alisema, "si ya kuaminia. Atakayeingiza kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake amechoka kuishi." Akafungua gurudumu. Tukajipanga kumzunguka, pamoja na wanawake wa kikundi cha kusoma, kama darasa.

Alitueleza hivi. Ndani ya gurudumu kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Hiyo ndiyo diski. Kando yake kuna chuma kinene kilichoikumbatia, mfano wa mkono unaoshika sahani kwa dole gumba na vidole. Mafundi wa kwetu wanakiita etrie. Ndani ya mkono huo mna vipande viwili vya kusugua, kimoja kila upande wa sahani, navyo vinaitwa plaketi. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma plaketi ya ndani, na mkono mzima unateleza kidogo ili plaketi ya nje nayo ibane. Sahani ikibanwa pande mbili, gurudumu linasimama. Ukiondoa mguu, pistoni inarudi nyuma kidogo sana, mkono unalegea, na gurudumu linazunguka huru.

"Sasa tazameni hapa," alisema. Mkono ule hutelezea juu ya vijiti viwili vya chuma, kila kimoja kikiwa kimevaa soksi ya mpira ili vumbi na maji visiingie. Soksi moja ilikuwa imepasuka. Matope ya masika yaliingia, maji yakakaa, kutu ikaota. Kijiti kile kilikuwa kimeshikana na tundu lake kama jino na ufizi. Kwa hiyo etrie ilibana lakini haikuachia. Plaketi moja ilisugua sahani tangu Manono, mlimani na bondeni, shofere akikanyaga na asipokanyaga. Ilikuwa imekwisha mpaka kwenye bati lake. Nyingine ilikuwa bado nene. Nkambo alitupa zote mbili tuzishike. "Mkiona pacha mmoja amekonda na mwenzake amenenepa," alisema, "jueni chakula hakigawanywi sawa. Kuna kitu kimekwama."

Tukamuuliza: kama breki ilikuwa inabana muda wote, kwa nini mwishoni haikushika? Jibu lake ndilo tunaloomba kila mama alikumbuke. Sahani inayosuguliwa bila kupumzika inapata moto. Moto unapita kwenye plaketi, unapita kwenye pistoni, unafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea kama mto wa pamba. Shofere anakanyaga, nguvu ya mguu wake inaishia kubonyeza mvuke, na pedali inakwenda chini bure. Breki iliyokwama huanza kwa kushika isipotakiwa, na humaliza kwa kutoshika inapotakiwa.

Sisi walimu tulisoma maandishi ya kopo la mafuta ya breki lililokuwa garini. Juu yake imeandikwa DOT 3. Mafuta mapya ya aina hiyo hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za joto, ilhali maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, kama chumvi isiyofunikwa. Yakishakunywa maji ya kutosha, kiwango kinachokubaliwa kinashuka hadi nyuzi 140. Aina ya DOT 4 huanzia nyuzi 230, na ikishalowa hushuka hadi 155. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya muda hata kama hayajapungua, na ndiyo maana kopo lililokaa wazi tangu mwaka jana halifai. Mafuta ya gari letu yalikuwa meusi kama kahawa.

Kilichokosekana Piana-Mwanga kilikuwa plaketi mpya, soksi za mpira na mafuta mapya ya breki. Kijana mmoja alikubali kwenda Manono kwa pikipiki kuvitafuta, akiwa na plaketi ya zamani mfukoni ili asidanganywe dukani. Tulijua hatarudi kabla ya kesho yake.

Mchana ule tulifanya kazi iliyotuleta. Wanawake kumi na wanane waliketi chini ya mwembe, wengine na watoto mgongoni ndani ya kikwembe, wakaandika majina yao kwenye madaftari mapya. Kisha tukabadilisha somo. Badala ya sentensi tulizotayarisha, tuliandika ubaoni maneno waliyoyasikia asubuhi: breki, diski, mafuta, kutu, moto. Mama mmoja aliyekuwa hajawahi kusoma neno refu alisoma "inateleza" peke yake, akapiga makofi kabla yetu.

Jioni walitupeleka kuona mto. Luvua pale haunyamazi hata kidogo, sauti yake unaisikia kabla hujauona. Mitambo ya umeme ilikuwa kimya. Ilikuwa imekaa hivyo kwa miaka mingi, tangu migodi ya Manono ilipodhoofika na vita vikapita katika nchi yetu. Wazee wanaokumbuka wanasimulia nyaya zilizobeba umeme kwenda Manono na taa za mji zilizowaka usiku kucha. Mto haukupungua. Maji yalipita vilevile kama zamani, na wanawake walirudi nyumbani kuwasha vibatari. Nkambo, aliyekuja nasi, alitazama akasema jambo moja tu: "Chuma hakifi kwa kazi. Kinakufa kwa kuachwa." Tulirudi tukilifikiria neno hilo, maana soksi moja ya mpira, kitu cha kutosha kushikwa kwa vidole viwili, ndiyo iliyotaka kutuua.

Usiku huohuo ndipo jambo gumu lilipotufikia. Mama mmoja wa kikundi alikuja mlangoni akiwa na mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa wa moto, anatetemeka, anatapika, macho yamelegea. Mama alikuwa amesikia kuna gari kijijini. "Nisaidieni mnipeleke Manono hospitalini," alisema.

Papa shofere alisimama mara moja. Alisema anajua njia. Tutarudisha etrie ya zamani, tutakunja ule mpira unaopeleka mafuta kwenye gurudumu bovu, tutaufunga kwa waya, na tutakwenda na breki za magurudumu matatu. "Nimefanya hivyo mara nyingi," alisema, na tunaamini hakusema uongo. Wengi wenu mmesafiri katika magari yaliyofungwa hivyo bila kujua.

Tuligawanyika. Mmoja wetu alisema, "Mtoto hangoji fundi. Twendeni, Mungu atatulinda." Mwingine alisema, "Ule mteremko tuliushuka tukija. Kurudi tutaupanda, lakini iko mingine mbele." Mama wa mtoto alikuwa analia. Hakuna aliyekuwa na moyo mgumu katika nyumba ile. Tulimpigia nkambo hodi, naye akaja akiwa amejifunga shuka.

Alimwambia papa shofere kwa heshima, bila kumvunjia uso mbele ya wanawake: "Mwanangu, gari lenye breki upande mmoja wa mbele ni kama mtu anayekimbia amefungwa mguu mmoja. Ukikanyaga kwa nguvu gizani, mbuzi akikatisha, litageuka kuelekea ule upande unaoshika. Na mpira uliokunjwa ukipasuka, mafuta yanamwagika, na breki ulizobaki nazo zinapungua tena. Utakuwa umebeba mtoto mmoja mgonjwa na mama watano." Kisha akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: "Kwa nini Manono? Kituo cha afya ni karibu zaidi, na muuguzi yupo."

Tulikuwa tumekimbilia kufikiria gari kwa sababu gari lilikuwepo. Mwalimu wa shule ya pale alikuwa na pikipiki nzuri yenye taa. Tulitoa franka 20 000 za petroli kutoka fedha za chama, tukamfunga mama na mtoto wake vizuri kwa kikwembe, na mjomba wa mtoto akafuata kwa baiskeli. Pikipiki nayo ina hatari yake usiku, hatufichi, nasi hatukulala. Alfajiri mjomba alirudi. Ilikuwa malaria. Mtoto alipewa dawa usiku uleule, na kulipopambazuka aliomba uji. Papa shofere alisikia habari hiyo akakaa chini juu ya gogo, akanyamaza muda mrefu. Baadaye alituambia kwamba yeye pia ana mtoto wa umri ule.

Saa nane mchana vipuri vilifika, na nkambo akamaliza kazi mbele yetu. Tunaeleza hatua zake ili mkiona fundi anafanya kinyume mpate kumuuliza. Kwanza alijaribu kujua kama tatizo lilikuwa la kijiti peke yake au na mpira wa mafuta pia, maana mpira wa zamani huweza kuziba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi. Alikuwa ameliangalia hilo tangu jana, kwa kulegeza kijiskurubu kidogo cha kutolea hewa huku etrie ikiwa mahali pake. Gurudumu halikulegea. Kama lingelegea, mpira ungekuwa na kosa. Basi akajua kwamba kilichoshika ni chuma.

Kile kijiti alikizungusha kwa spana, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kukipiga kwa hasira, mpaka kikatoka. Alikisugua kwa msasa laini hadi kikang'aa, na tundu lake akalisafisha kwa kitambaa. Alisema kingekuwa kimeliwa na kutu na kuwa na mashimo, angekikataa na kuagiza kipya. Pistoni aliitazama pembeni pote. Haikuwa na kutu, na mpira wake ulikuwa mzima, kwa hiyo akairudisha ndani taratibu kwa kibano cha seremala.

Kijana mmoja alileta petroli ya kuoshea. Nkambo aliikataa. Petroli, mafuta ya taa na mafuta ya injini hufanya mipira ya breki ivimbe na kuoza, na mpira uliovimba ndio unaokwamisha pistoni tena. Akaomba pombe. Ikaletwa chupa ya lutuku, wanawake wakacheka sana, na mmoja akasema, "Leo lutuku imepata kazi ya heshima." Nkambo alioshea vyuma kwa lutuku, akavikausha vizuri, akapaka grisi ya breki iliyokuja pamoja na soksi mpya. Grisi ya kawaida ya magari aliiacha kando kwa sababu ileile ya mipira. Aliweka plaketi mpya magurudumu yote mawili ya mbele, si lile bovu tu, ili yashike sawa. Akaongeza mafuta mapya, akatoa hewa mpaka mafuta meusi yakaisha na meupe yakatoka, kisha akamwambia papa shofere akanyage pedali mara nyingi gari likiwa limesimama. "Usiondoke kabla pedali haijawa ngumu," alisema. Baada ya kuweka plaketi mpya, pistoni inakuwa mbali, na ukanyagaji wa kwanza haukamati kitu. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hilo.

Walijaribu gari polepole uwanjani, wakasimama, wakaenda tena. Nkambo alinyunyiza maji kwa vidole juu ya magurudumu yote mawili ya mbele. Hayakulia. Alitukataza kumwagia maji baridi diski yenye moto mkali, maana inaweza kupinda au kupasuka. Matone machache kwenye chuma cha gurudumu yanatosha kujua.

Tulirudi siku ya nne. Papa shofere mwenyewe alisimama mara mbili njiani bila kuombwa, akashuka na kunyunyizia magurudumu maji ya chupa, moja baada ya jingine, huku sisi tukitega sikio. Ule mteremko tuliupanda kwa miguu, si kwa sababu gari lilikuwa bovu, bali kwa sababu miguu yetu ilikataa kuusahau.

Mama wapenzi, wengi wetu hatuna magari. Lakini tunapanda magari ya wengine kila juma, na tunawapandisha watoto. Kwa hiyo kamati inaomba tuanze desturi hii katika safari zote za chama.

Kabla ya kuondoka, mwulizeni shofere kwa upole: "Papa, breki zilifunguliwa lini mara ya mwisho? Mafuta ya breki yako kiasi gani?" Shofere mzuri hatakasirika. Gari linapoanza kwenda, sikieni kama linavutwa upande mmoja likifunga breki. Mkisikia harufu kali ya kuungua, semeni. Mkisimama njiani, msiguse gurudumu kwa mkono, mtaungua. Nyunyizeni matone ya maji magurudumu yote. Likilia moja na mengine yakanyamaza, msipande tena mpaka lifunguliwe. Na mkiambiwa mpira umefungwa kwa waya, shukeni, hata kama nauli mmekwisha kulipa. Nauli inachangwa tena.

Tena, mkiwa na mgonjwa, ulizeni kwanza kituo cha afya kilicho karibu ni kipi kabla ya kuuliza gari liko wapi.

Katika mkutano wa Jumamosi tutaleta ile plaketi iliyokwisha na mwenzake nene, ili kila mmoja azishike kwa mkono wake. Dada zetu wa Piana-Mwanga wanawasalimu. Wameomba madaftari mengine kumi na tumewaahidi. Tutawapelekea kabla mvua hazijaanza, na papa shofere ni yuleyule, kwa sababu sasa yeye ndiye anayetukumbusha kuuliza.